Kupanda Barabara ya Mlima kwa Pikipiki Ukiwa Peke Yako: Mwongozo Kamili kwa Vilima vya Mwanza

Malalamiko ni yale yale kila msimu. Mtu kanunua pikipiki, anaendesha vizuri tu kutoka Nyegezi hadi mjini, siku moja anapanda Isamilo au Bugarika kumsalimia shangazi, pikipiki inamzimikia katikati ya mwinuko. Anatupa mguu wa kulia chini, anabana breki ya mbele kwa nguvu zake zote, na pikipiki inarudi nyuma hivyo hivyo huku tairi la mbele limekaza. Mwisho analala nayo chini, watoto wa mtaa wanapiga vigelegele.

Mimi nimelala nayo mara mbili, kwa hiyo simcheki mtu.

Wengi wanaokwama hulaumu injini. Pikipiki ya cc 125 iliyobeba mtu mmoja inapanda karibu kilima chochote cha mji huu ambacho gari dogo linapanda. Angalia kwanza mguu gani ulikuwa chini, gia gani ilikuwa imeingia, na kama uamuzi uliufanya bondeni au ulipokuwa umeshaelemewa.

Maelezo haya ni ya mtu mmoja, bila abiria na bila gunia nyuma, kwenye pikipiki yenye mkono wa klachi, kwenye njia ya moramu na mawe. Ukishayaweza haya, lami ya Bugando utaipanda ukipiga mluzi.

## Vitu vya kuandaa

Kofia ngumu yenye mkanda unaofungika. Kofia iliyowekwa tu kichwani ndiyo ya kwanza kuruka ukianguka. Viatu vinavyofunika vifundo vya miguu, maana kwenye mlima mguu ndio nguzo yako, na ndala ikiteleza umekwisha. Glovu, hata za fundi ujenzi. Suruali nzito.

Mfuko wa vifaa: spana za saizi za pikipiki yako, plaisi, plagi ya akiba na spana yake, tyubu ya akiba (soma namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi usije ukanunua isiyoingia), pampu ya mkono, viraka na solusheni, waya kidogo, kebo moja ya klachi. Watu huiacha kebo kwa sababu ni ya bei ndogo na inaonekana haina kazi. Ikikatika mlimani ndipo utaona thamani yake.

Maji lita moja na nusu. Chakula kisichoharibika: mimi hubeba matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yanakaa mfukoni siku nzima na hayamwagiki. Simu yenye chaji, hela ndogo ndogo za noti, kitambulisho, leseni ya daraja A na karatasi ya bima. Bandeji, pamba na dawa ya kusafishia vidonda.

Jiwe la kuzuia tairi usibebe. Hapa Mwanza utalikuta.

## Hatua ya 1: Kagua pikipiki jioni ya siku iliyotangulia

Fanya jioni ili ukikuta tatizo fundi awe bado yupo. Asubuhi utajiambia "itafika tu."

Klachi. Mkono wa klachi uwe na ulegevu wa milimita 2 au 3 kabla haujaanza kuvuta kebo. Usipokuwa na ulegevu kabisa, klachi inateleza ukiwa kwenye mzigo: injini inalia, tairi halisogei, na unasikia harufu ya kuungua. Ukizidi, gia ya kwanza inaingia kwa kugoma.

Cheni. Ipandishe na kuishusha kwa kidole katikati. Sentimita 2 hadi 3 zinatosha kwa pikipiki nyingi za kawaida. Cheni iliyolegea sana huruka meno wakati ule ule unapohitaji nguvu.

Breki ya nyuma. Nyingi za pikipiki zetu zina breki za ngoma nyuma. Kanyaga, kisha sukuma pikipiki. Tairi ligome kabla pedali haijafika mwisho. Hii ndiyo itakayokushikilia mlimani, kwa hiyo usiikague kwa macho tu.

Tairi. Fuata kipimo cha upepo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au kibandiko. Wapo wanaopunguza upepo ili tairi lishike moramu, na ni kweli linashika. Lakini vilima vyetu ni vya matale, yaani miamba, na tairi laini likigonga ncha ya jiwe tyubu inabanwa kati ya jiwe na ringi na kutoboka matundu mawili kwa mpigo. Ukipunguza, punguza kidogo sana.

Mafuta. Nusu tangi kwenda juu. Pikipiki ikiinua pua, petroli iliyobaki hukimbilia nyuma, na ikiwa kidogo inaweza isifike kwenye koki ipasavyo. Watu hudhani kabureta imeharibika kumbe ni tangi karibu tupu. Jua pia koki yako ya rizavu inageukia upande gani, uweze kuigeuza bila kuangalia.

Neno moja kwa waliotoka na pikipiki Dar. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Pikipiki yako haijarogwa wala fundi hajakuibia kifaa.

## Hatua ya 2: Chagua saa, na mwambie mtu

Toka kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Jua bado halijapasha mawe, malori ya kokoto hayajachangamka, na una mchana mzima mbele yako wa kurekebisha kitakachoharibika. Juni hadi Septemba ndiyo miezi mikavu. Wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, na wa masika, Machi hadi Mei, tazama ziwa kabla ya kutoka. Ukiona wingu zito, ahirisha.

Sababu ni miamba. Granaiti hainywi maji. Mvua ya dakika 20 yote inashuka kwa juu, na njia uliyopanda ikiwa kavu inageuka mfereji. Ukinyeshewa ukiwa juu, kaa juu. Subiri ikatike, kisha usubiri tena nusu saa maji yapungue.

Kuwa peke yako ni hatari ya aina yake: ukianguka korongoni hakuna wa kupiga kelele. Mwambie mtu mmoja unapita njia gani, unarudi saa ngapi, na afanye nini usiporudi. "Naenda mlimani" haimsaidii mtu. Sema: "Mama, napanda kwa njia ya shule, nitakuwa nimeshuka saa 5. Ikifika saa 6 sijapiga simu, mtume kaka aje." Nyuma ya vilima mtandao hukatika, kwa hiyo piga kabla ya kuanza kupanda. Namba ya dharura ni 112.

## Hatua ya 3: Jifunze kusimama na kuondoka mlimani

Usiiruke. Wote wanaoniambia wamekwama, nikiwauliza wamefanya mazoezi wapi, hunijibu kwamba waliendesha tu.

Tafuta mwinuko mfupi wa lami au moramu ngumu, mtaa usio na magari. Kisha:

1. Panda taratibu kwa gia ya kwanza. Katikati, bana klachi na kanyaga breki ya nyuma kwa mguu wa kulia hadi usimame.

2. Mguu wa kushoto ndio unaoshuka chini. Wa kulia hauondoki kwenye breki hata kwa dawa.

Hapa ndipo kosa lilipo. Pikipiki ikiangalia juu, uzito mwingi umelalia tairi la nyuma. La mbele limekuwa jepesi. Ukishikilia kwa breki ya mbele peke yake, tairi la mbele linakaza lakini linaburuzika juu ya changarawe, nawe unarudi nyuma ukiwa umebana breki. Ya nyuma ndiyo yenye uzito juu yake. Ukishusha mguu wa kulia umeiacha hiyo, umebaki na ile isiyoshika.

3. Hakikisha gia ya kwanza imeingia kabla hujasimama. Gia hukanyagwa kwa mguu wa kushoto, na mguu huo sasa una kazi nyingine.

4. Kuondoka: vuta resi kidogo, injini ilie sawasawa bila kupiga kelele. Achia klachi polepole mpaka usikie mlio wa injini unashuka na pikipiki inachuchumaa nyuma. Hapo klachi imeshika.

5. Shikilia hapo hapo. Usiendelee kuachia. Sasa inua mguu wa kulia kutoka kwenye breki, taratibu. Pikipiki itabaki imesimama au itaanza kusogea mbele yenyewe. Ongeza resi kidogo, malizia kuachia klachi, ondoka.

Anayeachia breki kwanza hurudi nyuma, akashtuka, akaachia klachi yote, injini ikazima au tairi la mbele likanyanyuka.

Rudia mara 20. Ukisikia harufu ya klachi, zima, pumzika dakika 10. Umefuzu pale unapoweza kusimama na kuondoka mara tano mfululizo bila kurudi nyuma hata shubiri moja. Kabla ya hapo usiende kwenye mawe.

Na ukizima katikati ya zoezi? Usiguse kitu. Ukiwa bado kwenye gia ya kwanza, achia klachi yote. Injini iliyozimwa ikiwa kwenye gia huishika pikipiki kama breki ya mkono ya gari. Pumua. Jambo hili dogo lingeniokoa ile siku ya kwanza.

## Hatua ya 4: Panda kwa miguu kwanza

Egesha chini, panda ule mwinuko mgumu kwa miguu yako. Dakika tano tu. Waendeshaji wa bodaboda hawafanyi hivyo kwa sababu wanaijua njia jiwe kwa jiwe. Wewe huijui bado.

Tafuta mambo matatu. Kwanza, mgongo wa njia: ule udongo mgumu ulioinuka kati ya mifereji miwili. Huo ndio wa kupitia, ili mradi hauna mawe huru. Pili, mahali maji yalipokata njia. Utavuka makorongo hayo kwa kunyooka. Ukivuka kwa mshazari tairi linafuata mfereji badala ya kukufuata wewe. Tatu, sehemu za kupumzikia, pale mwinuko unapolegea kidogo. Zihesabu. Utapanda kutoka kituo hadi kituo.

Jiwe la granaiti lililong'arishwa na miguu ya watu hushika vizuri likiwa kavu. Likiwa na umande au na mchanga mwembamba juu yake, ni sabuni.

Salimia watu unaopishana nao. "Mwangaluka" moja, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, itakupa habari ambazo ramani haina: kwamba mbele kuna bomba limepasuka, au wapasua kokoto wamemwaga mzigo kwenye kona. Tena wale wale ndio watakaokuja kuinua pikipiki ikikulalia.

## Hatua ya 5: Panda

Amua gia ukiwa chini. Mwinuko mkali wa mawe ni gia ya kwanza tangu mwanzo hadi mwisho. Mwinuko wa wastani ni ya pili. Kubadilisha gia katikati ya mwinuko mkali ndiko kunakozima wengi: ukibana klachi, mwendo unakufa kabla gia haijaingia. Ukisikia injini inagonga na kutetemeka kwenye gia ya pili, rudi ya kwanza mapema, wakati bado una mwendo.

Kaa mbele, karibu na tangi, kifua kielekee mbele. Uzito ukibaki nyuma, pua inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto. Kwenye mawe, simama kidogo juu ya vikanyagio, magoti yakiwa yamelegea, uiache pikipiki icheze chini yako.

Resi iwe moja. Usivute na kuachia, kuvuta na kuachia. Kila ukivuta ghafla tairi la nyuma linachimba, na kila ukiachia unapoteza mwendo. Tairi likianza kuzunguka bila kusogea, punguza. Najua mkono unataka kuongeza. Punguza, lishike tena ardhi, ndipo uendelee.

Macho yaangalie mita 10 au 15 mbele, kule unakotaka kwenda. Ukilikodolea macho jiwe, utaligonga hilo hilo. Sijui kwa nini iko hivyo lakini iko hivyo.

Kwenye kona usiyoona mbele yake, baki kushoto kabisa na upige honi kabla ya kuingia. Anayeshuka na lori la mawe hana breki za kuchezea. Ukimwona, simama kwenye kituo ulichohesabu, mpishe. Kuna na mbuzi. Mbuzi akivuka, mwenzake wa pili yuko njiani.

Ukifika kituo cha kupumzikia, pumzika kweli, hata kama hujachoka. Gusa mkono wa klachi, sikiliza injini, kunywa maji. Mambo yakienda sawa, mlio wa injini ni ule ule tangu chini, hakuna harufu ya kuungua, na mikono yako haijakakamaa. Ukikuta umeukaba usukani, unaogopa. Mwinuko unaofuata utembee kwa miguu tena.

## Hatua ya 6: Ikizima katikati

Breki zote mbili, mguu wa kushoto chini, gia ya kwanza, klachi iachiwe. Pikipiki imekaa. Sasa chagua.

Kuendelea. Kama una stata ya kitufe, bana klachi na breki ya nyuma, washa, fuata hatua ya 3. Kama ni ya kiki, usijaribu kupiga kiki hapo ulipo: mguu wa kiki ndio mguu wa breki, na baadhi hazikubali kiki mpaka ziwe nyutro. Weka jiwe kubwa nyuma ya tairi la nyuma kwanza, au igeuze kama ilivyo hapa chini.

Kugeuza. Hakuna aibu. Injini imezimwa, gia ya kwanza imo, hakikisha hakuna gari linalokuja. Shuka upande wa kushoto. Geuza usukani kushoto hadi mwisho. Bana klachi kidogo kidogo ili pikipiki irudi nyuma shubiri kwa shubiri. Kila ukiachia klachi inasimama. Mkia utaelekea kushoto, pua kulia, mpaka pikipiki ilale kwa upana wa njia. Kwa namna hii wewe unabaki upande wa juu, nayo iegemee kwako kidogo.

Usisimame kamwe upande wa chini wa pikipiki iliyokaa kwa upana. Ikianguka inakuangukia wewe, na ina zaidi ya kilo 100.

Ikishakaa kwa upana, panda juu yake, geuza usukani kulia, iachie taratibu iangalie chini. Shuka kwa gia ya kwanza, klachi ikiwa imeachiwa.

Ikianguka, iache ianguke. Mguu una thamani kuliko indiketa. Zima ufunguo, funga koki ya mafuta, ndipo uinue.

## Hatua ya 7: Kushuka

Waliopanda vizuri huumia hapa, kwa sababu wameshafurahi.

Kanuni ya madereva wa zamani wa malori inafaa: shuka kwa gia uliyopandia. Injini ndiyo breki ya kwanza. Klachi usiibane mteremkoni ila unaposimama.

Kuna tabia moja inaniudhi tangu nijue kuendesha: kuzima injini mteremkoni, au kutia nyutro, eti kuokoa mafuta. Unaokoa kijiko cha petroli na kuzipa breki kazi yote. Breki ya ngoma ikipata moto inapoteza ushikaji. Unakanyaga, pedali inashuka, mwendo haupungui. Mwili mzima hutoa jasho kwa sekunde moja, naujua mwisho wa hadithi hiyo na kovu lake liko gotini kwangu.

Breki zikamatwe na kuachiwa, kamata na uachie, usizikandamize mfululizo. Ukishuka, uzito unahamia mbele, kwa hiyo sasa breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, ila kwenye changarawe itumie kwa vidole viwili, taratibu, usukani ukiwa umenyooka. Ukiibana huku umekata kona, tairi la mbele linakimbia na hutapata muda wa kusema kitu.

Ukisikia harufu ya moto kwenye gurudumu, simama, ngoja dakika 15. Usimwagie maji ngoma yenye moto. Chuma kinaweza kupasuka au kupinda.

## Hatua ya 8: Ukishafika chini

Piga ile simu. Mama amekaa na saa mkononi.

Kisha kagua: nati za ekseli, boliti za taa na vikanyagio, cheni (baada ya mawe mara nyingi imelegea), na spoku kwa kuzigonga na spana. Inayolia tofauti na wenzake imelegea. Pitisha kiganja kwenye tairi kutafuta mipasuko. Klachi iliyokuwa sawa jana ikiwa leo inashika mbali, rekebisha ulegevu kabla ya kulala.

Rudia kilima hicho hicho wiki ijayo, kisha kingine chenye kona. Wanaotaka safari ndefu huniuliza kuhusu Bukoba, na tangu 2025 ni rahisi zaidi kwa sababu unavuka daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, bila kusubiri kivuko. Mji ule uko ufukweni na nyuma yake kuna ukingo mrefu wa kupanda, mzuri kuutazama. Ila Bukoba hupata mvua karibu maradufu ya Mwanza, na moramu yake nyekundu ikilowa haina huruma. Mara 20 za hatua ya 3 zifanyie huku kwanza.